Uso wa Mukiri Mlangoni

Usiku ule Karwirwa hakuvua hata viatu. Alikaa kitandani katika chumba chake cha kupanga huko Majengo, nyuma ya duka la nyama, simu mapajani, akiitazama kama mtu anayechunga maziwa yasifurike jikoni. Binti yake Kathure alikuwa ametoka asubuhi kwenda Kibirichia na mfuko wa patasi, na tangu jua lizame simu yake haikupatikana. Kisha Veronicah wa chumba cha pili, muuza matumbo ambaye habari mbaya humfikia kabla hazijatokea, akaja kuegemea mlango. Alisema kuna mtu amemwona Kathure amezungukwa na wanaume kwenye boma la marehemu baba yake.

"Wanaume gani?" Karwirwa aliuliza.

"Mama Kathure, wanaume ni wanaume. Si ni wale wa shemeji yako."

"Walikuwa wamemshika?"

"Hiyo sikuambiwa. Niliambiwa tu walikuwa wanapiga kelele."

"Basi hawajamshika," Karwirwa alisema. "Shemeji yangu akipiga kelele ujue mikono imemshinda."

Veronicah akacheka, akaenda kulala. Lakini dharau ni blanketi fupi. Ukifunika kichwa, miguu inabaki nje. Karwirwa alibaki amekaa, miguu baridi, akihesabu mambo ambayo shemeji yake angeweza kumfanyia msichana mmoja mwenye patasi, katika boma ambalo jirani wa karibu yuko ng'ambo ya kijito.

Shemeji huyo aliitwa Mbae. Alikuwa kaka mkubwa wa Kiunga, marehemu mume wa Karwirwa, mtu wa lori moja na maneno ya malori kumi. Kanisani aliomba mpaka watoto wakalala kwenye viti, na katika maombi yake hakuwasahau wajane. Aliwataja kwa majina, Mungu awatunze, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na mpango huo.

Kiunga alikufa Kathure akiwa bado shule ya msingi. Karwirwa hakurudi kwao. Alibaki Kibirichia na mama mkwe wake, Mukiri, akilima viazi na kumtunza yule mzee mpaka akawa wa kuoshwa na kulishwa uji kwa kijiko. Mbae alikuja kumwona mama yake siku za sikukuu, akiwa na suti. Siku moja, nyumba ikiwa imejaa wageni, Mukiri alisema kwa sauti ambayo hata viziwi waliisikia: "Nyumba hii, na shamba lililo nyuma yake, ni vya huyu anayeniosha." Mbae alikuwepo. Alisema, "Ndiyo, mama," akaendelea na uji.

Mukiri alipozikwa, udongo wa kaburi ulikuwa bado haujashuka wakati Karwirwa alipoenda sokoni na kurudi akakuta kufuli kubwa kama chura imekaa kwenye mlango wake. Nguo zake zilikuwa nje chini ya paa, zimefungwa vizuri kwenye gunia zisinyeshewe. Mbae alikuwa Mkristo.

"Shemeji, usikasirike," alimwambia. "Wewe una msichana tu. Msichana ataolewa. Shamba la baba yangu liende kwa watu wengine? Ukoo si stendi, watu wapande na washuke."

Karwirwa alikwenda kwa chifu. Chifu akamwambia hayo ni mambo ya ukoo. Akaenda kwa wazee wa ukoo, wakamwambia aanze kwa chifu. Alipoitaja Katiba, mzee Kailemia, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo na bingwa wa kuahirisha mikutano, alimjibu kwamba Katiba iko Nairobi, baridi ya Kibirichia haiwezi. Wazee wote walicheka na kuongeza chai. Wengine wao walikuwa wamezikwa nusu tayari, lakini kwa habari ya shamba la mjane walikuwa na nguvu za vijana.

Ndivyo Karwirwa alivyofika Majengo, miezi kadhaa kabla ya usiku ule. Akawa anauza viazi kwa rundo kando ya barabara, viazi vilivyoteremshwa kutoka Kibirichia. Mbae alikuwa amelikodisha shamba kwa mfanyabiashara wa mjini, na kuna asubuhi ambapo Karwirwa alipasua kiazi, akanusa udongo wake, akajua kabisa kimetoka wapi.

Sasa huyo Kathure alianza uchapaji na viazi hivyohivyo. Akiwa mtoto alikata kiazi katikati, akachonga umbo kwa kisu cha jikoni, akachovya kwenye masizi na kupiga chapa ukuta mzima wa jiko: kuku, ndoo, mwanamke, kuku, ndoo, mwanamke. Karwirwa alipoingia na kuona viazi vya mbegu vimechongwa alitafuta fimbo. Mukiri, akiwa amekaa kwenye kigoda chake, alisema, "Muache. Mpe hiki kikubwa. Huyu mwanamke wake hana mzigo, hajamaliza."

Baadaye Kathure alisomea sekondari Kaaga. Mwalimu mmoja wa huko alimwambia anachora wanawake wenye mikono mikubwa kupita kiasi. Kathure alimuuliza kama amewahi kuangalia mikono ya mama yake, na kwa jibu hilo akafyeka nyasi za shule wiki nzima. Alipomaliza shule alipata kibarua kwa mtu wa kuchapa fulana mjini. Msimu wa uchaguzi alichapa nyuso za wanasiasa kwenye leso usiku na mchana, nyuso ambazo baada ya kura hazikuonekana tena mahali popote isipokuwa kwenye makalio ya akina mama wakiinama kupanda.

Aliyachoka makalio hayo, akaanza kuchonga picha zake mwenyewe. Alichonga mbao kwa patasi, akapaka wino kwa rola, akalaza karatasi na kuisugua. Karwirwa hakuelewa kazi gani hii. Aliona binti yake anachonga herufi zimegeuka, zinaanzia kulia kwenda kushoto, na kwa muda mrefu aliamini mtoto amesahau kusoma. Picha zenyewe zilimtia wasiwasi. Moja ilikuwa mkutano: wanaume kwenye viti, wanawake chini kwenye nyasi, na mbuzi mmoja naye amepewa kiti. Kathure aliibandika kwenye ukuta wa soko. Wanaume walipita wakacheka, kila mmoja akimtambua mwenzake. Yule mbuzi walimtambua wote.

Kisha wakubwa wakasikia. Kukafanywa maonyesho kwenye hoteli mjini, ya kumwinua mwanamke, ndivyo kitambaa cha mlangoni kilivyosema. Karwirwa alivaa rinda lake la kanisani akaenda. Aliwaona wanaume watano wakisimama mmoja baada ya mwingine kuzungumza juu ya sauti ya mwanamke, huku wanawake wakizunguka na sahani za sambusa. Mama mmoja mwenye miwani alisimama mbele ya picha ya mjane aliyezikwa mpaka kiunoni katikati ya mistari ya viazi. Aliitazama kwa muda mrefu na kwa huruma nyingi, akauliza kama hakuna ya twiga.

Kathure hakuuza picha siku hiyo. Njiani kurudi alisema, "Mama, nilikuwa nawaonyesha watu ambao sio."

Wiki ile ile wakapata habari kwamba Mbae ameagiza mlango wa chuma. Alikuwa anataka kuung'oa ule wa zamani na kumweka mpangaji ndani ya nyumba, mfanyakazi wa yule mfanyabiashara aliyelikodi shamba. Mvua zilikuwa karibu. Mpangaji akishaingia na mbegu zikishaingia ardhini, Karwirwa alijua, hataikanyaga tena sakafu ile.

"Nitaenda kuchonga mlango," Kathure alisema.

"Mlango wa nani?"

"Wetu."

"Uko na kufuli."

"Kufuli iko upande mmoja, mama. Mbao ziko zote nje."

"Watu wanaenda kortini na mawakili, wewe unaenda na patasi."

"Korti si tulienda? Si walisema turudi kwa wazee wa ukoo?"

Na sasa Karwirwa alikuwa amekaa na viatu, akingoja.

Simu iliita wakati mwadhini wa msikiti wa Majengo alikuwa ndiyo kwanza amemaliza. Namba ilikuwa ngeni.

"Mama, niko sawa," Kathure alisema. "Simu yangu iliisha chaji. Nimelala kwa jirani. Baba mkubwa alikuja jana na vijana wake, akaniona, akapiga kelele mpaka akakohoa. Amesema leo saa nne wazee wakuje waone nimeharibu nyumba, ndio ang'oe mlango mbele yao. Sasa sikia. Uko na ule mwiko mkubwa wa chama?"

"Niko nao."

"Kuja nao."

Karwirwa aliutoa mwiko chini ya kitanda, ule ambao akina mama wa chama chao walisongea ugali wa harusi, mrefu kama mkono wa mtu. Veronicah alimkuta akiufunga kwenye leso.

"Mnaenda kupigana?"

"Sijui," Karwirwa alisema. "Lakini ukisikia kuna mtu amepigwa na mwiko, hiyo habari yako leo ni ya kweli."

Kibirichia ilikuwa na ukungu na mashamba yalikuwa yamelimwa, meusi, yakingoja mvua. Bomani watu walikuwa wameshajaa. Wazee walikuwa kwenye viti. Wanawake walikuwa kwenye nyasi. Mlango wa chuma wa rangi ya kijani ulikuwa umeegemezwa ukutani, na kando yake fundi aliyeuleta na Mbae mwenyewe, amevaa suti, shoka mkononi.

Karwirwa hakuwaona vizuri hao. Alikuwa anatazama mlango wake. Kwenye mbao zile za mti wa muringa, kutoka kizingiti mpaka juu, Mukiri alikuwa amesimama. Ameinama chini ya mzigo wa kuni, kamba ya mzigo imepita kwenye paji la uso, lakini uso wenyewe ameuinua, kama alivyozoea kuuinua mtu alipoingia bomani bila kupiga hodi. Masikio yake yaliyotobolewa zamani yalining'inia. Midomo ilikuwa yake. Chini ya miguu yake kulikuwa na viti vidogo vidogo, na watu wadogo wamevikalia.

Kisha Karwirwa aliona jicho. Mukiri alipokuwa msichana, kibanzi cha kuni kilimpiga jicho la kushoto, likafunga na halikufunguka tena maisha yake yote. Mwanamke wa mlangoni alikuwa amefunga la kulia.

Alimsogelea binti yake, ambaye alikuwa anachanganya wino kwenye kipande cha bati.

"Kathure. Jicho."

"Naona, mama."

"Umekosea jicho la nyanya yako, mbele ya watu wote hawa."

"Umeleta mwiko?"

Mbae alikuwa ameshaanza. Alieleza jinsi alivyoitunza nyumba hii, alivyoilinda kwa kufuli yake mwenyewe, na sasa mtoto wa kike amekuja kuikwaruza kama panya. Akamwambia fundi ang'oe. Fundi alichukua mtaimbo, akaukaribia mlango, akasimama, akarudi.

"Nini?" Mbae aliuliza.

"Mzee, mimi na vyuma tunaelewana. Huyu mama ananiangalia."

"Huyo si mama. Ni mbao."

"Basi si ung'oe wewe."

Wanawake wakafunika midomo. Mzee Kailemia alipiga fimbo chini. "Mbae, kuna maneno hapa kwamba huyu ni mama yako. Kama ni mama yako, wewe mtoto wake huwezi kumpiga shoka la uso, sisi tukiwa tumekaa. Hiyo hata sisi hatuwezi kuahirisha. Ni mama yako?"

Mbae alitabasamu. Alikuwa ameliona jicho tangu jana na alikuwa amelilalia usiku kucha kama kuku.

"Wazee, huyo Mukiri alininyonyesha mimi. Si mtu wa kufundishwa uso wake. Jicho bovu la mama yangu lilikuwa la kushoto. Angalieni nyinyi wenyewe. La huyu bovu ni la kulia. Huyu ni mwanamke mwingine. Labda ni wa Embu."

Wazee walicheka. Waliinuka mmoja mmoja wakaja kuangalia, vichwa vimeinama kando kama mbuzi kwenye ua, na wakakubaliana kwamba kweli jicho silo. Karwirwa alitamani udongo ule mweusi ufunguke umchukue na mwiko wake. Miezi yote hii ya kuonewa, na sasa kuchekwa pia.

Kathure hakubishana. Alipitisha rola kwenye wino, akaanza kupaka mlango, juu mpaka chini, taratibu, mpaka Mukiri akawa mweusi anayeng'aa. Akakunjua shuka la marekani jeupe, akawaita wanawake wawili walishike pembe za juu, akalilaza juu ya mlango. Akachukua mwiko kwa mama yake, akaanza kusugua kitambaa kwa mgongo wa mwiko, akiegemea kwa uzito wake wote.

"Sasa anasonga ugali mlangoni," Mbae alisema. "Wazee, mtapakuliwa."

Hakuna aliyemfuata kucheka, kwa sababu wanawake walikuwa wameanza kusimama kutoka kwenye nyasi ili waone.

Kathure alishika pembe za chini, akalibandua shuka, akaligeuza na kuliinua.

Kila kitu kilikuwa kimehama upande. Kamba, mzigo, sikio lililopasuka kidogo. Na jicho. Jicho la kushoto lilikuwa limefunga, la kulia lilikuwa wazi na linawatazama wazee kwenye viti vyao.

Kisha mwanamke mmoja alitembea kutoka nyuma. Alikuwa Winrose, mke wa Mbae, mtu asiyesemaga kitu kwenye mikutano. Alifika mbele ya shuka, akapangusa mikono kwenye sketi yake, mbele na nyuma, kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kumpokeza Mukiri kibuyu cha uji.

"Baba Linda," alisema bila kugeuka. "Huyu ni mama."

"Ni kitambaa," Mbae alisema.

"Ni mama. Mimi niko na macho. Na kile alisema kwa hii nyumba nilikisikia, na wewe ulikisikia, ulikuwa unakunywa uji." Sasa akageuka. "Halafu niulize kitu kimoja, kwa sababu hamjaniuliza mimi kitu tangu niolewe. Wewe una Linda na dada zake. Hakuna kijana. Siku utaenda, mimi kufuli nitawekewa na nani?"

Mbae alifungua mdomo. Yale malori kumi yote yalikuwa yameharibika njiani. Kwa miaka alikuwa amehesabu watoto wa kike wa nyumba za watu wengine, wala haikumpitia akilini kwamba kwake nako kuna hesabu.

Kailemia alitazama jua. Si kwamba haki ilimshika ghafla. Haki na yeye hawakuwahi kujuana. Lakini ilikuwa inakaribia saa sita, hakuna chai iliyoletwa, na wanawake ambao huleta chai walikuwa wote wamesimama mbele ya shuka.

"Mbae," alisema, "mimi nina njaa. Kama si mama yako, piga shoka tuende. Kama ni mama yako, toa ufunguo tuende. Na anayefungua nyumba ndiye analima nyuma yake. Nimemaliza."

Mbae aliukaribia ule mlango uliopakwa wino. Aliinua shoka mpaka kiunoni. Akaliangalia jicho lililofunga, akaliangalia lililo wazi. Labda aliikumbuka laana ya mzazi, labda alilikumbuka shuka lenyewe, ambalo lingeweza kuchapwa tena na tena na kubandikwa kila soko mpaka Embu, likiwa na alama ya shoka la mtoto kwenye uso wa mama yake. Alilishusha shoka chini polepole, kama mtu aliyekuwa anapima uzito wake tu. Akaingiza mkono mfukoni.

"Mimi nilikuwa namwekea," alisema. "Watu wanaongea kana kwamba nilikuwa nimeiba. Nilikuwa namwekea tu."

Hakuweza kumpa Karwirwa ufunguo mkononi. Alimpa mke wake, na Winrose akaupeleka. Wazee wakaanza kukohoa na kukubaliana kwamba hata wao tangu mwanzo walikuwa wanaona hivyo. Mmoja wao, yule aliyecheka zaidi siku ya Katiba, alimwambia Karwirwa kwamba amemwombea sana.

"Niliona," Karwirwa alisema. "Mpaka meno yote yakaonekana."

Fundi aliuliza mlango wake wa chuma aupeleke wapi.

Karwirwa alisimama mbele ya nyumba yake na ufunguo. Kufuli ilikuwa imeshika kutu, akaizungusha mara kadhaa kabla haijaachia, akaining'iniza kwenye kidole hajui aiweke wapi. Mlango haukusogea. Mbao zilikuwa zimevimba kwa baridi ya miezi ile yote.

"Mama, wino haujakauka," Kathure alisema nyuma yake. "Utajichafua."

"Nimeshamwosha huyu miaka mingapi," Karwirwa alisema.

Akaweka viganja vyote viwili kwenye mabega ya Mukiri, akasukuma kwa nguvu, na mlango ukafunguka. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya udongo. Kwenye kona palepale alipoviacha, viazi vya mbegu vya mama mkwe wake vilikuwa vimetoa machipukizi marefu, meupe, yametambaa sakafuni mpaka kwenye ufa wa chini ya mlango.